Chombo cha Ziwani, Msamiati wa Baharini: Lugha ya Usafiri katika Kisiwa cha Mfangano

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaohusu usafiri wa majini kwa kuutazama katika mazingira ya kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya msamiati huo ilizaliwa Pwani, penye maji yanayopwa na kujaa na pepo zinazobadilika kwa misimu, ilhali Ziwa Viktoria lina tabia zake tofauti. Yapo maneno ya Pwani yanayolifaa ziwa, yapo yasiyo na kazi huko, na yapo yanayoweza kumpotosha msafiri. Kwa kuwa usafiri wa ziwani ni suala la uhai na mauti, makala yanapendekeza njia ya kuteua na kukusanya msamiati ambao abiria wa kawaida ataweza kuuelewa.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili wanapotajiwa usafiri wa majini huwazia jahazi, mashua na ngalawa za Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Si ajabu. Fasihi ya Kiswahili, methali zake na kamusi zake zimejaa bahari. Hata dira yetu imetokana na bahari: kaskazini na kusini ni maneno yatokanayo na majina ya pepo mbili kuu za Pwani, yaani kaskazi na kusi. Hata hivyo, mamilioni ya watu wanaotumia Kiswahili kila siku huvuka maji yasiyo ya chumvi. Ziwa Viktoria pekee lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na limegawanywa baina ya Tanzania, Uganda na Kenya. Sehemu ya Kenya ni ndogo, kiasi cha asilimia 6 tu, lakini ndani yake mna visiwa ambavyo wakazi wake hawana njia nyingine ya kufika sokoni, shuleni au hospitalini isipokuwa chombo.

Mfangano ni kimojawapo cha visiwa hivyo. Kina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 65, na katikati yake umesimama mlima wa Kwitutu, ambao huonekana kutoka mbali kabla chombo hakijakaribia ufuo. Kabla ya mfumo wa kaunti kuanza kutekelezwa mwaka 2013, Mfangano ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Suba katika Mkoa wa Nyanza. Lugha itawalayo kisiwani ni Dholuo. Lugha ya asili ya Abasuba ni Olusuba, ambayo ni ya Kibantu. Kiswahili na Kiingereza ni lugha za shule na serikali. Mazingira ya namna hii ni maabara nzuri kwa mwanaisimujamii, kwani abiria mmoja aweza kusikia lugha nne kabla hajashuka chomboni.

2.0 Mfangano na njia zake

2.1 Historia kwa ufupi

Historia ya Mfangano ni historia ya kuvuka maji. Michoro ya miambani iliyoko Mawanga na Kwitone, ambayo kwa kawaida huhusishwa na jamii za kale za wawindaji, yathibitisha kwamba watu walifika kisiwani zamani mno. Abasuba nao, kwa mujibu wa simulizi zao, walitoka upande wa Uganda ya leo, wakasafiri kwa mitumbwi na kuhamia kutoka kisiwa hadi kisiwa. Kumbukumbu za jamii hii huhifadhiwa katika Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, yaliyoko Mfangano kwenyewe.

Katika kipindi cha ukoloni, ziwa liliunganishwa na bahari kwa njia ya reli. Meli ya William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Uingereza, ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Reli yenyewe ikafika hapo mwezi Desemba 1901. Baada ya hapo meli za reli zilitawala biashara ya ziwa kwa miongo mingi, na Shirika la Reli la Kenya likawa na feri zilizotoka Kisumu kwenda Kendu Bay, Homa Bay na Asembo Bay. Huduma hizo zilipodorora, abiria wa visiwani walibaki mikononi mwa maboti ya mbao ya watu binafsi.

2.2 Njia za sasa

Lango la Mfangano ni mji wa Mbita ulioko bara. Kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga pana mlango mwembamba wa maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mlango huo ulizibwa kwa tuta la mawe na udongo ili magari yapite. Usafiri wa nchi kavu ulipata nafuu, bali ule wa majini ulipata hasara: chombo kilichotaka kutoka upande wa Mfangano kuingia ghuba ya Homa Bay kililazimika kuizunguka Rusinga nzima, na maji yaliyokuwa yakipita yakakosa njia. Daraja lililochukua mahali pa tuta hilo mwishoni mwa muongo wa 2010 liliufungua tena mlango huo. Kisa hiki chatufundisha kwamba katika nchi ya visiwa barabara na maji haviwezi kupangwa mbalimbali; njia ya mmoja yaweza kuwa kizuizi cha mwingine.

Kutoka Mbita, boti la injini hupita karibu na Takawiri na kufika Sena, kituo kikuu cha Mfangano, kwa muda wa saa moja au zaidi, kutegemea nguvu za injini, idadi ya vituo na hali ya ziwa. Upande wa mbele zaidi viko visiwa vidogo vya wavuvi kama Remba na Ringiti. Ndani ya kisiwa chenyewe, watu huenda kwa miguu au kwa pikipiki za bodaboda. Neno hili nalo lina historia ya kuvuka: lilianzia kwa waendesha baiskeli waliowavusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda, eneo la Busia, na asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, lililorudiwa mara mbili kwa mtindo wa Kiswahili.

3.0 Msamiati wa Pwani unapofika ziwani

3.1 Majina ya vyombo na watu wake

Msamiati wa usafiri wa majini katika Kiswahili una tabaka kadhaa. Tabaka la kwanza ni la Kibantu: mtumbwi, kafi, vua, vuka. Tabaka la pili ni la lugha za Bahari ya Hindi: nahodha na bandari ni maneno ya asili ya Kiajemi, na abiria ni ya Kiarabu, kutokana na kitenzi chenye maana ya kuvuka. Tabaka la tatu ni la Kiingereza: boti, feri, injini.

Maneno haya yote yanatumika ziwani bila tatizo. Kitenzi vuka, kwa mfano, ni tajiri kwa unyambuzi: vuka, vusha, vukisha, kivuko, uvukaji, uvushaji, mvushaji. Mwanafunzi atambue tofauti iliyopo kati ya mvukaji, ambaye ni mwenye kuvuka, na mvushaji, ambaye ni mwenye kuwavusha wengine na hivyo mwenye dhamana juu ya uhai wao. Tofauti hiyo ya kiambishi kimoja ni tofauti kubwa ya kisheria.

Yapo pia maneno yaliyopanuka kimaana. Baharia ametokana na bahari, lakini leo hutumiwa kwa mfanyakazi wa chombo cha ziwani. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2004, ina wajibu juu ya vyombo vya ziwani pia, ingawa jina lake lataja bahari tu. Upanuzi wa namna hii ni wa kawaida katika lugha zote, wala haudhuru.

3.2 Maji

Tatizo laanza tunapofika kwenye tabia za maji. Mswahili wa Pwani ana maneno mengi ya kupwa na kujaa: bamvua, maji mafu, na kupwelewa, yaani chombo kuachwa mchangani baada ya maji kupwa. Katika Ziwa Viktoria kupwa na kujaa ni kudogo mno hata hakutambulikani na msafiri. Maneno hayo, kwa hiyo, hayana kazi huko. Badala yake ziwa lina mabadiliko ya polepole yanayochukua miezi au miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda sana, na mwaka 2020 yakapanda tena hadi kiwango cha juu kupindukia, yakafunika magati na fuo nyingi za kushukia abiria. Hali ya maji ya ziwa kuingia nchi kavu na kukaa huko haielezwi vizuri na neno kujaa, kwa sababu kujaa kwa Pwani hufuatwa na kupwa siku iyo hiyo. Wala neno mafuriko halitoshi, kwani mafuriko huja na kuondoka.

Jambo jingine ni gugumaji, mmea ulioenea ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa Pwani chombo hukwama mwambani au fungunì. Ziwani chombo huweza kukwama katikati ya majani yanayoelea, yaliyokuja na upepo usiku na kuziba gati lililokuwa wazi jioni. Neno gugumaji lenyewe ni mfano wa uundaji mzuri: nomino mbili zinazofahamika, zimeunganishwa, na maana yake iko wazi kwa kila mtu.

3.3 Upepo

Mfano ulio muhimu kuliko yote ni wa upepo. Pwani hutawaliwa na kaskazi na kusi, ambazo hubadilishana kwa misimu. Ziwani, mzunguko ulio na uzito kwa msafiri wa boti dogo ni wa siku moja. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, na upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Wavuvi wa matanga wamelitumia jambo hili kwa vizazi vingi: hutoka na upepo wa alfajiri, hurudi na upepo wa alasiri. Hali kadhalika, pepo za usiku zitokazo pande zote hukutana juu ya ziwa, zikainua hewa yenye unyevu, na ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwani huzuka usiku na kabla ya mapambazuko.

Je, Kiswahili kina maneno ya pepo hizi? Kinayo. Umande, mbali na maana yake ya maji ya asubuhi majanini, ni upepo utokao nchi kavu. Matlai ni upepo wa upande wa maawio ya jua. Lakini hapa ndipo msomi apaswapo kuwa na tahadhari. Katika Pwani ya Afrika Mashariki, nchi kavu iko magharibi na bahari iko mashariki. Kwa hiyo umande wa Pwani hutoka magharibi, na baadhi ya watumiaji wameufanya kuwa jina la upepo wa magharibi. Matlai, kwa asili yake ya Kiarabu, lataja mashariki, mahali pa kuchomoza jua, na kwa Pwani huo ni upande wa bahari. Katika ufuo wa Kenya wa Ziwa Viktoria, mambo ni kinyume: bara liko mashariki na ziwa liko magharibi. Upepo wa nchi kavu hutoka mashariki. Upepo wa ziwani hutoka magharibi.

Mtafsiri anayeandaa utabiri wa hali ya hewa kwa abiria wa Mfangano, akichukua umande kwa maana ya upepo wa magharibi, atakuwa ameelekeza chombo kinyume cha ukweli. Neno ni sahihi kamusini, na ni hatari majini. Katika hali kama hii heri maelezo marefu yaliyo wazi, mathalani “upepo utokao bara kuelekea ziwani”, kuliko neno moja zuri linalogeuka maana likihama mahali.

4.0 Vyanzo vya msamiati wa ziwa

4.1 Kiswahili cha ufuo wa Tanzania

Si kweli kwamba Kiswahili cha ziwa hakipo. Katika mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera, Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi ya wavuvi na wavushaji kwa muda mrefu. Huko mahali pa kushushia samaki na kupandia mitumbwi huitwa mwalo, wingi mialo. Upande wa Kenya mahali hapo huitwa bichi, neno ambalo kwa mgeni kutoka Mombasa huleta picha ya mchanga mweupe na watalii. Mwalo ni neno fupi, linaingia katika ngeli ya U-I bila taabu, na tayari lina watumiaji. Hakuna sababu ya kulitafutia badala. Vilevile Mtanzania husema sangara na sato pale ambapo Mkenya husema mbuta na ngege, maneno yaliyotoka Dholuo. Uwili huu hauna madhara, mradi kamusi zetu zionyeshe maneno yote mawili na maeneo yake.

4.2 Dholuo

Kwa msafiri wa Mfangano, maneno ya msingi ni ya Dholuo: nam ni ziwa, yie ni chombo, wath ni mahali pa kutia chombo, chula ni kisiwa, apaka ni mawimbi. Ziwa lenyewe huitwa Nam Lolwe. Kiswahili hakihitaji kuazima maneno haya yote, kwani kina yake. Lakini mwalimu wa Kiswahili katika shule ya Mfangano anayefundisha somo la usafiri ana nafasi njema ya kuyaweka maneno hayo sambamba: wath na mwalo, yie na chombo. Mtoto aliyevuka ziwa mara mia anajua mambo ambayo kitabu cha kiada, kilichoandikwa kwa kufikiria barabara za Nairobi, hakiyataji.

4.3 Olusuba

Olusuba ni miongoni mwa lugha ambazo UNESCO imeziorodhesha kuwa hatarini. Wasemaji wake wengi wamehamia Dholuo kwa vizazi kadhaa. Jitihada za kuifufua zimekuwapo. Mojawapo ni redio ya jamii ya Ekialo Kiona, iliyoanzishwa Mfangano katika muongo wa 2010, na ambayo jina lake ni la Olusuba lenye maana ya dunia nzima.

Kwa mwanaisimu linganishi wa Kibantu, msamiati wa majini wa Olusuba una thamani ya pekee. Mzizi wa kale wa Kibantu wa chombo cha majini umehifadhiwa katika Kiganda, eryato, na katika Kinyarwanda, ubwato, ilhali Kiswahili kimeuacha na kushika mtumbwi na chombo. Kafi ya Kiswahili ina ndugu yake katika enkasi ya Kiganda. Wazee wa Mfangano wanaokumbuka majina ya sehemu za mtumbwi, aina za mawimbi na dalili za dhoruba kwa Olusuba wanashikilia ushahidi wa namna Wabantu wa ziwa walivyosafiri kabla ya injini. Mtumbwi wa matanga unapoacha kuundwa na mzee anapofariki, maneno hayo hayabaki popote.

5.0 Lugha na usalama wa abiria

Kwa nini yote haya yawe na uzito? Jibu limo katika historia ya ziwa lenyewe. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafariki. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafariki. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Ajali za maboti madogo hutokea mara nyingi zaidi, na nyingi hazifiki katika vichwa vya habari.

Sababu za ajali hizi si za lugha. Ni shehena kupita kiasi, vyombo vibovu, dhoruba, na kukosekana kwa maboya na jaketi za kujiokolea. Lakini lugha ina nafasi yake katika kuzuia na katika kuokoa. Chombo kidogo hupinduka kwa urahisi abiria wanaposimama na kukimbilia upande mmoja. Ikitokea hivyo, mvushaji ana muda wa kutamka maneno machache tu. Maneno hayo yawe yapi?

Mwanafunzi aliyebobea katika msamiati wa Pwani anajua kwamba mbele ya chombo ni omo na nyuma yake ni tezi, na kwamba farumi ni uzito uwekwao chini ili kukituliza chombo. Maneno haya yana heshima yake, na methali isemayo “Tezi na omo, marejeo ngamani” haiwezi kueleweka bila hayo. Hata hivyo, amri ya “Sogeeni tezi!” haitamsaidia mama anayepeleka omena sokoni Mbita, wala mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Homa Bay. “Kaeni chini! Msisimame!” itawasaidia wote. Ustadi wa lugha hupimwa kwa kufaa kwa neno mahali pake.

Suala la maandishi ni hilohilo. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na yaitaka serikali kukuza lugha za wenyeji. Lakini Sheria ya Usafirishaji wa Majini ya mwaka 2009, ambayo ndani yake mna masharti ya vyombo na mabaharia, iliandikwa kwa Kiingereza. Abiria hawezi kudai haki ambayo hakuisoma, na mvushaji hawezi kulaumiwa kikamilifu kwa kuvunja sharti asilolielewa.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanapendekezwa kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viandae safari za kukusanya msamiati wa ziwa katika Mfangano, Rusinga, Ukerewe na visiwa vya Uganda. Kila neno liandikwe pamoja na mahali lilipokusanywa na maana yake, na wazee wa Olusuba watangulizwe.

Pili, neno likichukuliwa kutoka Pwani, maana yake ichunguzwe upya kwa kuzingatia jiografia ya ziwa, kama ilivyoonyeshwa kuhusu umande na matlai.

Tatu, Kiswahili cha ufuo wa Tanzania kipewe nafasi ya kwanza kabla ya kubuni istilahi mpya. Ni busara kuuliza jirani kabla ya kwenda dukani.

Nne, matangazo na amri za usalama zijaribiwe kwa abiria wenyewe kabla ya kuchapishwa. Tangazo ambalo nusu ya abiria hawakulielewa halijatafsiriwa, hata kama sarufi yake haina dosari.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya usafiri wa majini, lakini hazina hiyo ilikusanywa kando ya bahari na haiwezi kuhamishiwa ziwani bila kupembuliwa. Maneno ya kuvuka na kuvusha yanafaa kila mahali. Maneno ya kupwa na kujaa hayana kazi Mfangano. Na majina ya pepo yaweza kumpotosha mtu. Kiswahili cha mialo ya Tanzania, Dholuo na Olusuba vina mchango wa kuziba mapengo. Kazi ya kuupembua na kuukusanya msamiati huo ni ya wanafunzi wa Kiswahili, na haifai kusubiri ajali nyingine. Chombo kinapotoka Mbita alasiri na wingu likaonekana juu ya Kwitutu, abiria hahitaji neno lenye asili tukufu. Anahitaji neno atakalolielewa mara moja.